Vigamba vya Kale Katika Matope Mapya

Chuo kilipofunga maabara, hadubini yangu ililetwa nyumbani kama watu wanavyoletewa pizza. Dereva aliiweka mlangoni, akarudi nyuma, akanipiga picha nikiwa nimesimama kando ya sanduku ili kuthibitisha kwamba mzigo umefika, akapandisha barakoa yake na kuondoka. Sanduku la pili lilikuwa na matope. Yalikuwa yamekwisha kuoshwa, kuchekechwa na kukaushwa hadi yakabaki vumbi jeupe ndani ya vichupa, na kila kichupa kilibandikwa karatasi yenye namba ya kina ambako vumbi lake lilitoka chini ya sakafu ya bahari. Nilivipanga juu ya meza ya jikoni kando ya pakiti ya unga wa ugali, nikaapa sitachanganya.

Yalikuwa majira ya baridi, mwaka wa pili wa korona. Nilikuwa nakaa Doonside, magharibi ya Sydney, katika nyumba ndogo ya uani, nyuma ya nyumba kubwa iliyopangwa na mama mmoja Mkongo na watoto wake wawili. Sehemu zetu ndizo zilizobanwa zaidi. Kwenye habari tuliwaona watu wa upande wa pwani wakitembeza mbwa ufukweni kwa raha zao, na huku kwetu helikopta inazunguka juu ya mapaa kama kwamba tumeiba kitu. Mgeni haingii, wewe huvuki kilomita tano. Aliyekuwa akiishi peke yake aliruhusiwa rafiki mmoja tu wa kutembeleana naye, na rafiki yangu mimi alikuwa Bankstown, mbali kabisa na kilomita zangu tano. Kila siku saa tano asubuhi wakubwa walisimama kwenye televisheni kutangaza idadi ya wagonjwa, nami nikawabishia peke yangu jikoni.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu walidhani nasomea samaki. Bahari humwaga vitu chini mchana na usiku: vumbi lililopeperushwa kutoka nchi kavu, na maiti za viumbe wadogo wanaoelea juu, ambao kila mmoja anaishi katika kigamba kisichozidi chembe ya chumvi. Vyote hushuka taratibu na kujipanga tabaka juu ya tabaka, la kale chini, jipya juu. Hayo ndiyo mashapo. Meli iliwahi kushusha bomba refu katika Bahari ya Tasman, upande wa mashariki wa Australia, likazama kwenye matope hayo na kuvutwa juu likiwa limejaa. Mimi nilipewa sehemu ya bomba hilo. Kazi yangu ilikuwa kuanza chini na kupanda, nikisema tabaka hili ni la enzi gani, na hili nalo la enzi gani.

Isipokuwa kuna enzi ambazo hazimo. Unapanda vizuri, sentimita baada ya sentimita, kisha unaruka maelfu kwa maelfu ya miaka kwa mara moja, na jicho halioni kitu. Kijivu chini, kijivu juu. Nilipofungua bomba lile kwa mara ya kwanza nilipitisha kidole juu ya mahali penyewe na sikuhisi hata mkwaruzo.

Mkondo ndio uliozichukua. Watu hudhani kule chini kabisa maji yametulia kama ya mtungini. Hayajatulia hata kidogo. Maji baridi na mazito huzama huko Antaktika, hutambaa juu ya sakafu ya bahari kuja kaskazini, na yakibanwa na mlima uliofunikwa na bahari au na ukingo wa bara, huongeza mwendo. Yakiongeza mwendo, yanafagia. Hayaishii kuzuia matope mapya yasitue, bali hukwangua hata yale yaliyokwisha kutulia zamani, yakayabeba na kwenda kuyamwaga kwingine. Kisha mkondo hupoa, matope mapya hushuka juu ya jeraha, na baada ya muda usingejua kwamba pana jeraha.

Kosa la kila mwanafunzi ni kudhani kwamba pengo ni kimya. Anapima umri hapa, anapima umri pale, anakuta miaka mingi mno imebanwa katika matope kiduchu, anasema basi, enzi hizo vitu vilikuwa vikidondoka kwa uchache. Anapiga mstari ulionyooka kati ya nukta zake mbili kwenye grafu na kwenda kunywa chai. Msimamizi wangu wa masomo, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, aliukataa mstari wa namna hiyo siku ya kwanza. Aliniambia matope hayakuacha kudondoka hata siku moja. Yalidondoka, yakaibiwa.

Tunaligundua pengo kwa vigamba. Kila kiumbe ana zama zake. Anatokea, anaishi, anatoweka duniani, na ukimwona unajua uko wapi. Tatizo ni kwamba vigamba navyo hudanganya. Yale matope yaliyokwanguliwa mahali yakamwagwa pengine yamebeba vigamba vya kale ndani yake, kwa hiyo unaweza kukuta marehemu wa zamani kabisa amelala kando ya mtu wa juzi. Ukimhesabu kama mwenyeji, umepotea na hesabu yako yote. Inabidi umwangalie vizuri: kingo zake zimelika, rangi imeingia ukahawia, na ndani yake mna matope yasiyofanana na ya majirani zake. Kwa Kiswahili ningewaambia wanafunzi kwamba ukikuta mzee katikati ya vijana, usimpe shikamoo kabla hujamuuliza ametoka wapi.

Sasa nije kwa baba.

Baba alikuwa nyumbani Kenya, kwenye vilima vya chai, pamoja na kaka yangu mkubwa aliyerudi kutoka Nakuru kazi zilipofungwa. Mama alikuwa amekwisha kutangulia miaka mingi nyuma. Baba hakuandika ujumbe hata mara moja maishani mwake. Alisema vidole vyake ni vya jembe, si vya vioo. Alirekodi sauti. Kila Jumapili, akishamaliza kusikiliza ibada kwenye redio, alituma ujumbe wa sauti, nami huku ikiwa ni jioni naupokea. Sote watoto wake alituita mwanangu, bila jina, sijui kwa upendo au kwa kukwepa kukosea. Alianza na hali ya hewa, akaja kwa mifugo, akaja kwa Mungu, akakata.

Majira yale ya baridi kaka aliniambia mzee ana homa kidogo. Nikauliza kidogo namna gani. Akasema kidogo tu, ya baridi, amepewa dawa. Jumapili iliyofuata hapakuja kitu, na mimi nikapiga simu nikaambiwa amelala. Nilikuwa na hofu ambayo watu wote tulioko ng'ambo tunaijua, ile ya kuiona simu ikiwaka na namba ya nyumbani kabla ya saa yake. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, kujua kama baba yangu ni mzima. Kisha Jumapili ya baadaye sauti yake ikaja, na nililia kwa furaha mbele ya hadubini hadi nikalazimika kufuta lenzi.

"Mwanangu, hamjambo huko. Sisi tuko. Mvua imetunyeshea vizuri, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe yule mweusi amezaa. Wewe jitunze, omba, na ule vizuri."

Ilikuja nyingine Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Nilizisikiliza huku nachambua vigamba kwa brashi nyembamba yenye unywele mmoja. Sauti ilikuwa mbali kidogo, kama vile anazungumza kutoka chumba cha pili, nami nikasema ni mtandao, au ameishika simu kichwa chini kama kawaida yake. Nilimuuliza juu ya kifua chake, hakujibu. Nilimuuliza kama amechanjwa, akaniambia mahindi yamestawi. Nikamwambia kaka, mwambie mzee ajibu maswali ninayomuuliza. Kaka akasema, "Mzee ni mzee, siz. Unamjua." Siz ndiyo dada, kwa Kiswahili cha mjini alichorudi nacho kutoka Nakuru.

Kaka naye alikuwa amebadilika. Alianza kuniuliza maswali ya ajabu kuhusu Sydney, yeye ambaye hakuwahi kuniuliza hata kama kuna joto. Mchungaji wa Wakenya anakaa wapi? Kuna mtu wetu wa karibu? Wale akina mama wa kikundi, hawawezi kuja hata mlangoni?

"Kwani unataka kuniozesha?" nilimuuliza.

Hakucheka. Alinitumia maombi marefu yaliyoandikwa na mtu mwingine, yenye picha za mishumaa, na nilikuwa nayafuta bila kuyasoma.

Mtu wa karibu alikuwepo, lakini kaka hakumjua na mimi sikufikiria kumtaja, maana alipouliza mtu wetu nilielewa kama yeye alivyomaanisha, mtu wa kwetu. Mama Mkongo alikuwa akiwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee, kwa hiyo yeye aliruhusiwa kutoka, akipimwa pua kila mara hadi akasema wataishia kuing'oa. Akipika sombe, yale majani ya muhogo, aliifunga kwenye kibakuli na kuining'iniza kwenye kitasa changu. Tulizungumzia kwenye kamba ya nguo, yeye upande huu wa mashuka, mimi upande ule, barakoa usoni.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, jua la baridi limetoka, nami nilikuwa nimefungua dirisha na kuiacha sauti ya baba icheze tena. Nilikuwa na tabia hiyo. Nilicheza ujumbe wa Jumapili wiki nzima.

"Dada," aliita kutoka kwenye kamba. "Ule ni papa yako?"

Nikamwambia ndiye.

"Iko na sauti ya muzuri. Na nyuma yake ni mashine ya bunga, si ndiyo? Ile ya kusaga. Tuk-tuk-tuk. Dada, imenikumbusha kwetu Uvira, miye nilikuwa nabeba muhogo pale tangu mutoto."

Mtoto wake wa kike, aliyekuwa ameketi ngazini na kompyuta ya shule, alisema bila kuinua kichwa, "Mum, you're shouting."

Nikacheka, nikamwambia ndiyo, ni mashine ya posho ya jirani yetu, imesaga mahindi ya kijiji kizima tangu sijazaliwa. Nilijivuna hata. Nilirudi ndani nikiwa na furaha, nikaketi, nikaweka jicho kwenye hadubini.

Nilikuwa kwenye kichupa cha matope yaliyo juu kidogo ya pengo, matope machanga. Vigamba vilikuwa vyeupe na safi kama vilivyotakiwa kuwa. Katikati yao alilala mmoja asiyefaa kuwepo. Alikuwa wa aina iliyotoweka zamani mno, kingo zimelika, ukahawia umemwingia tumboni. Nilimtambua mara moja, nikamwambia kwa sauti, wewe mzee, umeletwa hapa. Nikamsukuma kando kwa brashi. Nyuma yangu simu ilikuwa bado inacheza, baba akisema mahindi yamestawi, na mashine ikisaga nyuma yake.

Mashine ile ilikuwa imeuzwa.

Sikuhitaji kufikiri. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia, mwanzoni mwa mwaka ule. Niliweka brashi chini, nikarudi nyuma kwenye simu, Jumapili baada ya Jumapili, hadi nikaufikia ujumbe wake. "Jirani ameuza mashine yake, mwanangu. Imepakiwa kwenye lori, imekwenda. Kijiji kimenyamaza, hadi nasikia saa ya ukutani ikitembea." Na kweli ilisikika, saa ile, katika ujumbe ule. Nikasikiliza zote zilizofuata miezi ile, na zote zilikuwa na kimya nyuma yake, na kuku, na saa. Kisha ikaja ile Jumapili isiyokuwa na kitu. Kisha mashine ikaanza kusaga tena.

Nilitafuta spika za masikioni, nikaziingiza, nikaucheza ujumbe wa mwisho nikiwa nimefumba macho. Baba alikuwa mbali. Mashine ilikuwa mbali pamoja naye. Lakini karibu kabisa na sikio langu, mbele ya sauti ya baba, palikuwa na mtu mwingine anapumua. Alipumua taratibu kwa mdomo, kama mtu anayejizuia asisikike. Baba alipomaliza kusema ule vizuri, mtu yule alivuta kamasi mara moja, na ujumbe ukakatika.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa pumzi ile. Niliinuka nikasimama katikati ya jiko langu, mchana kweupe, na nikahisi nyumba ina watu wawili. Ilikuwa asubuhi kule nyumbani. Nikampigia kaka.

Alipokea haraka. Sikumsalimu. Nilimuuliza, "Baba yuko wapi?"

Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuitumia kwangu tangu tukiwa watoto, "Uko na nani hapo kwa nyumba?"

Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa swali hilo. Msiba hauambiwi mtu kwa simu akiwa peke yake. Unatafuta watu, unawatuma, wanafika kwake kama wageni wa kawaida, wanakaa, wanapewa chai, na mmoja wao anaanza kwa maombi. Wewe ukiona watu watatu wa kanisa mlangoni siku isiyo ya kanisa, unajua. Na kama hawakuweza kufika, basi kabla mtu hajafungua kinywa chake atakuuliza kwanza uko na nani. Swali ndilo habari yenyewe.

Nilitembea hadi uani na simu sikioni, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa chini ya kamba ya nguo. Mama Mkongo alikuwa bado anabana mashuka. Aliniangalia usoni, akaacha shuka likiwa limening'inia kwa kona moja.

"Niko na jirani yangu," nilimwambia kaka.

"Ni mtu wetu?"

"Ni Mkongo."

Nilimsikia akifikiri. Nadhani wiki zote zile alikuwa amewahesabu Wakenya wa Sydney mmoja mmoja, wa kikundi, wa kanisa, mtoto wa mwalimu wa kijiji cha pili, na wote walimwambia hawawezi kuvuka, askari wako barabarani. Hakujua kwamba nyuma ya ukuta wangu alikuwepo mtu anayesema Kiswahili na anayejua kulia.

"Mpatie simu," alisema.

Nikampa. Walizungumza, Kiswahili cha milimani kwetu na Kiswahili cha Uvira, wakielewana bila shida. Upande wa kaka sikuusikia. Nilimwona mama yule akiitikia kwa kichwa, akimwita kaka papa kwa heshima. "Ndiyo, papa. Ndiyo. Miye niko hapa. Hapana, siendi mahali. Donc, basi, utanipa dakika moja." Alivua barakoa yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Alivuka zile hatua ambazo sheria ilizitaka baina yetu, akavuta kreti la maziwa, akakaa hadi bega lake likagusa bega langu, akanizungushia mkono. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu baridi ianze. Kisha ndipo akanirudishia simu. "Sema na kaka yako," aliniambia.

Kaka alisema, "Baba alituacha."

Aliniambia ni lini. Ilikuwa ile wiki ya Jumapili isiyokuwa na kitu. Korona ndiyo iliyomchukua, katika hospitali ya wilaya, na alizikwa upesi kama ilivyoamriwa wakati huo, na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, ndugu wakiwa wamesimama mbali. Alikuwa amekaa ardhini majuma yale yote ambayo mimi nilikuwa namuuliza kama amechanjwa.

Mama Mkongo alisikia, akalia kwa ajili yangu. Hakulia kimyakimya kama Wazungu. Alilia kwa sauti ya juu, kwa lugha yao, akimwita papa yangu asiyemjua, hadi watoto wake wakatokea dirishani na jirani wa upande wa pili akachungulia juu ya ua. Helikopta ilipita, naye akalia zaidi. Mimi sikuweza kulia bado. Nilikuwa na hasira tu, hasira iliyonyooka kabisa, na ninaikumbuka vizuri kuliko huzuni.

"Kwa nini ulinifanyia hivi?" nilimuuliza. "Kwa nini sauti yake?"

Alieleza. Wazee walikaa, wakasema nisiambiwe nikiwa peke yangu, mtu wa peke yake katika nchi ya watu anaweza kujidhuru. Akasubiri watafutwe watu. Watu hawakupatikana. Jumapili ikaja, nikauliza baba yuko wapi, mbona hatumi kitu. Katika simu yake mwenyewe alikuwa na jumbe za zamani ambazo baba alimtumia alipokuwa Nakuru, mvua, mifugo, Mungu, na zote zilianza na mwanangu. Akakaa kitandani kwa baba, akaziweka simu mbili karibu, moja icheze, ya baba irekodi.

"Nilikuwa nitume nini?" alisema. "Niambie. Ungekuwa wewe ungetuma nini?"

"Mficha maradhi, kifo humfichua," nilimwambia, kwa ukali, nami nilijua ni msemo wa kumtupia mtu jiwe.

"Ni kweli," alisema. Alikuwa analia. Pumzi yake ilikuwa ile ile niliyoisikia.

Mama Mkongo alinishika tu. Nilitazama mlango wa nyumba yangu uliokuwa wazi, na kule ndani meza na vichupa, na nikafikiri kama fundi, kwa sababu ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nilifikiri juu ya zile siku za katikati. Baba alipelekwa hospitali, akalazwa siku kadhaa, akafa. Katika rekodi niliyokuwa nayo mimi hapakuwa na siku hizo. Palikuwa na baba akiwa na kuku na saa, na juu yake palikuwa na baba wa zamani aliyeletwa kutoka kwingine. Na mimi nilikuwa nimepiga mstari ulionyooka kati ya huyu na huyu, nikasema huko katikati alinyamaza kwa sababu alikuwa amelala.

Nilifundishwa kuuliza nini kilidondoka.

"Alipokuwa hospitali," nilimwambia kaka, "hakusema kitu? Hakurekodi kitu?"

Nikarudia swali. Mama Mkongo aliacha kulia, akaniangalia.

"Simu yake ilirudishwa ndani ya mfuko pamoja na nguo," kaka alisema mwishowe. "Nikaiwasha. Kulikuwa na moja ya kwako. Alirekodi akiwa kitandani, lakini haikuwa imeenda, hapakuwa na mtandao. Ilikuwa inangoja."

"Iko wapi?"

"Siz."

"Iko wapi?"

"Nilianza kuisikiliza. Alisema mwanangu. Halafu ile pumzi, ile pumzi yake, kifua kilikuwa kinapiga kama mtu anayezama. Nikasema hii haiwezi kumfikia msichana huyu akiwa peke yake huko, itamuua. Nikaifuta."

Nilimuuliza baba alisema nini baada ya mwanangu.

"Sijui. Sikufika huko."

"Nani mwingine aliisikia?"

"Hakuna. Aliirekodi peke yake. Wodi ile hawakuturuhusu kuingia."

Nilitaka kumtukana na sikupata tusi. Nilijua tayari kwamba sitaacha kuisikiliza sauti ile isiyokuwepo, na kwamba nitaijaza kila siku kwa maneno yangu mwenyewe, na yote yatakuwa ya uongo. Mama Mkongo alinibana begani. Nikamuuliza kaka swali la mwisho nililokuwa nalo, ambalo ndilo tunaloulizana kazini kila tunapofika kwenye pengo. Nilimuuliza ilikuwa na urefu gani.

"Ilikuwa ndefu," alisema. "Ndefu kuliko zote alizowahi kukutumia."